Miezi Mitatu Haingoji Zamu Iishe

Ndugu wafanyakazi, katika mashamba na viwanda vya hapa Uganda kuna maneno mawili yanayotutia hasara kubwa, nayo ni "nitaenda Jumatatu". Jumatatu ikifika, mtu yuko zamu ya asubuhi. Wiki inayofuata yuko zamu ya usiku, na mchana lazima alale. Wiki ya tatu amepata habari ya msiba, amepanda basi kwenda kwao. Basi jambo la nusu saa linakaa miezi.

Sisemi kwamba watu wetu ni wavivu. Tazameni kazi zenyewe. Miwa ikishakatwa haiwekeki; ikilala shambani siku chache sukari yake inapungua, na kwa sababu hiyo msimu wa kusaga kiwanda hakizimwi usiku wala mchana. Mkata miwa hulipwa kwa kazi aliyoimaliza, na mchuma chai hulipwa kwa kilo. Akiacha shamba ili akaonane na afisa wa kazi, siku ile hana ujira, na juu ya hapo atoe nauli ya bodaboda mpaka barabara kuu, kisha nauli ya teksi mpaka makao ya wilaya. Akifika huenda akaambiwa bwana afisa amesafiri, kwa kuwa mara nyingi ni yeye mmoja kwa wilaya nzima. Mtu huyu akisema kesho, amekwisha piga hesabu yake. Lakini katika hesabu ile amesahau tarehe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imempa haki ya kulalamika mfanyakazi aliyefanya kazi mfululizo kwa wiki zisizopungua 13, akiona kwamba amefukuzwa bila haki. Lakini malalamiko hayo yamfikie afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa. Aliyechelewa hafungiwi mlango kabisa, ila atatakiwa kuonyesha sababu za kutosha za kuchelewa kwake. Kwa jirani zetu wa Tanzania muda ni mfupi zaidi: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wenzetu wanaovuka Mutukula kutafuta kazi wasidhani kwamba miezi mitatu inavuka pamoja nao.

Mwenzetu mmoja wa kiwanda cha sukari, upande wa Busoga, alifukuzwa katikati ya msimu kwa neno la msimamizi tu. Hakupewa nafasi ya kujieleza. Alikwenda ofisi ya utumishi, akaambiwa arudi wiki ijayo, faili linatazamwa. Akarudi. Akaambiwa meneja yuko Kampala. Mara ya tatu karani alimpa kiti na maneno matamu, akamwambia avumilie, kazi yake ipo. Akavumilia. Kisha baba yake mkubwa akafariki huko Arua, safari ya kilomita zaidi ya 500, na baada ya maziko akabaki kusaidia kulima. Aliporudi mwezi ulikuwa wa nne. Mbele ya afisa wa kazi alieleza habari ya msiba, na msiba ulikubaliwa kwa wiki tatu. Wiki nyingine zote hakuwa na karatasi hata moja. Zile ahadi za ofisini zilikuwa za mdomo, na karani alisema hamkumbuki. Miaka tisa ya kazi kwenye boila ikaishia hapo.

Hapa nataka tuelewane vizuri. Bosi akikuambia ungoja, hesabu ya siku haisimami. Inaendelea kuanzia siku uliyofukuzwa, hata kama kila juma unapewa chai ofisini. Mimi naamini wako mabosi wanaolijua jambo hili sana, na ndiyo maana huwa wapole ghafula baada ya kumfukuza mtu. Mazungumzo yaendelee, hakuna ubaya, lakini barua ya malalamiko iwe imekwisha fika wilayani. Wazee wengine hunijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Sawa, lakini wazee hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Matawi pia yasiningoje mimi. Mratibu wa chama leo yuko Lugazi, kesho kutwa yuko Masindi, na huko kwenye chai ya Fort Portal hufika kwa nadra. Kazi ya tarehe ni ya tawi lenyewe. Tawi moja ninalolitembelea lina daftari la kawaida la shule. Mtu akifukuzwa, jioni hiyo hiyo, zamu zinapobadilishana getini, katibu anaandika tarehe ya kufukuzwa, na kando yake kwa wino mwekundu tarehe ambayo miezi mitatu itakwisha. Barua ya kufukuzwa inapigwa picha kwa simu. Malalamiko yanaandikwa nakala mbili, na nakala moja lazima irudi na muhuri. Mpelekaji ni mtu wa zamu ya usiku, maana yeye akitoka asubuhi ofisi ya wilaya ndiyo inafunguliwa; usingizi wake utachelewa kidogo, lakini ujira haukatwi. Kabla hajapanda teksi wanapiga simu kujua kama afisa yupo. Nauli huchangwa, na mtu mmoja hupeleka barua za watu wote.

Nilipofika huko mara ya mwisho daftari lilikuwa na majina manne. Matatu yalikuwa na muhuri. Wa nne alikuwa amekwenda kwao Kisoro bila kuandika chochote, na kila akipigiwa simu alisema atarudi mwisho wa mwezi. Katibu, ambaye ni mama mmoja mkali wa idara ya kufunga mifuko, alikataa. Akamwuliza maneno kwa simu, akaandika barua mwenyewe, akamsomea mpaka akaikubali, akaituma kwa basi la usiku ili aitie sahihi. Ilirudi kwa basi baada ya siku mbili, ikagongwa muhuri siku 11 kabla ya muda kwisha.