Gascogne kwa Baiskeli: Soma Mito Kwanza

Mtu anayepanga safari ya baiskeli huanza na kilomita. Hufungua ramani, hupima umbali wa mji hadi mji, hugawa kwa siku alizo nazo, akaridhika. Kwenye nchi tambarare hesabu hiyo yatosha. Kwa Gascogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, haitoshi hata kidogo. Huko, kilomita 40 za kwenda kaskazini na kilomita 40 za kwenda mashariki ni safari mbili tofauti kabisa, ingawa mashamba ya alizeti ni yale yale na vijiji vya mawe ni vile vile. Atakayejua sababu ni yule aliyeanza na mito.

Kiini cha eneo hili ni mkoa wa Gers, ambao makao yake makuu ni mji wa Auch. Kusini kwake imesimama milima ya Pyrenees, na chini ya milima hiyo upo uwanda wa Lannemezan, wenye mwinuko wa takriban mita 600, uliojengeka kwa mawe, changarawe na udongo uliosombwa kutoka milimani kwa zama nyingi. Kutoka uwanda huo huchipuka mito ya Save, Gimone, Arrats, Gers, Baïse na mingine midogo, ikatawanyika kuelekea kaskazini kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa, mpaka inapoingia mto Garonne. Kati ya mto na mto kuna mgongo mrefu wa ardhi. Tofauti ya kimo kati ya bonde na mgongo mara nyingi ni kama mita 100 tu, na hakuna anayeuita mlima. Lakini anayesafiri mashariki au magharibi hukata kila bonde na kila mgongo, na kufikia jioni amepanda mita nyingi bila kuona kilele chochote cha kumfariji. Anayefuata mto kwenda kaskazini hupita chini, njia ikiwa tulivu kwa saa nzima.

Mito hii ina jambo jingine la kushangaza. Kwa kuwa haianzii kwenye theluji ya Pyrenees bali uwandani, wakati wa kiangazi ingekuwa karibu kukauka. Kati ya 1848 na 1862 ulichimbwa mfereji wa kuchukua maji ya mto Neste, ambao kweli hutoka milimani, na kuyagawa kwenye mito hiyo. Maji unayoyaona yakipita chini ya daraja mwezi Agosti ni kazi ya wahandisi wa karne ya 19, na mashamba ya mahindi ya mabondeni yanaitegemea hadi leo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ningependa kila msafiri wa Gascogne alijue kabla hajapakia mizigo: mabonde haya hayalingani pande zake. Ukisimama darajani ukielekea kaskazini, kule maji yanakokwenda, mkono wako wa kulia, yaani mashariki, mteremko ni mfupi na mkali. Mkono wa kushoto, yaani magharibi, ardhi hupanda polepole kwa kilomita kadhaa. Hali hii hujirudia bonde baada ya bonde. Maelezo yanayotolewa sana na wanajiografia hurudi kwenye enzi za barafu. Pepo za magharibi ziliangusha theluji na vumbi upande uliokingika, yaani ule wa magharibi wa bonde. Ardhi ikawa inaganda na kuyeyuka, udongo ukateleza taratibu na kulainisha mteremko ule, huku ukiusukuma mto uukate ukingo wa pili.

Matokeo yake kwa magoti ya binadamu ni makubwa. Ukisafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, unashuka upande mpole na kupanda ule mkali, kila mara. Ukigeuza safari hiyo hiyo, unapanda polepole na kushuka kwa kasi. Umbali ni ule ule, jumla ya mita za kupanda ni ile ile, lakini mwili unaijua tofauti. Kinachopingana na ushauri huu ni upepo, kwa sababu upepo wa kawaida wa huko hutoka magharibi na utakupiga usoni. Hata hivyo nasimama na wanaoelekea magharibi. Upepo wa asubuhi mara nyingi ni mdogo, nao unaweza kuusubiri upungue. Kilima kikali hakipungui.

Ramani itakusaidia kuyaona haya ukiwa mezani. Kwenye ramani za barabara za Michelin, vialama vidogo vya mshale juu ya barabara huonyesha mteremko: kimoja ni asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya hapo, na ncha yake huelekea upande wa kupanda. Utakuta vimejipanga upande wa mashariki wa mito. Njiani, nguzo za kilomita zenye kichwa cha manjano ni za barabara za mkoa, na ndizo zako. Zenye kichwa chekundu ni za barabara kuu za taifa, ambako malori hupita, ziache.

Umbile hilo la ardhi ndilo lililoamua vijiji vikae wapi. Mji wa Lectoure uko juu ya ukingo mkali wa mashariki wa mto Gers, takriban mita 100 juu ya maji. Warumi waliutumia, kisha makabaila wakubwa wa Armagnac wakaufanya ngome yao, hadi jeshi la mfalme Louis XI lilipouteka mwaka 1473 na kabaila Jean V akauawa humo. Mahali penye kupandwa kwa shida ni mahali penye kulindika kwa urahisi. Unapopinda mgongo juu ya usukani ukipanda kutoka mtoni, unapita mteremko ule ule uliowachosha wenye silaha.

Kilomita chache kusini, bondeni kabisa, iko Fleurance. Ilianzishwa mwaka 1272 kwa kusudi tofauti: soko. Kati ya karne ya 13 na ya 14 mamia ya miji mipya ilipangwa kusini-magharibi mwa Ufaransa, mingine na maofisa wa mfalme wa Ufaransa, mingine na wa mfalme wa Uingereza aliyeitawala Aquitaine. Wakulima waliahidiwa kiwanja, shamba na uhuru fulani dhidi ya mabwana. Mitaa ilichorwa kwa kamba, ikikatana kwa pembe mraba, na katikati ukaachwa uwanja wa soko uliozungukwa na vibaraza vyenye matao. Waanzilishi walikuwa na matumaini makubwa, na majina yanayaonyesha: Fleurance ilipewa jina la Florence ya Italia, Pavie jina la Pavia, na Cologne jina la mji wa Ujerumani. Miji ya aina hii iliyo bondeni, kama Fleurance na Mirande, huifikii kwa jasho, na ndiyo mahali pazuri pa kulala baada ya siku nzito.

Upo pia mkono wa Kanisa. La Romieu, magharibi ya Lectoure, ilianza kwa watawa wa karne ya 11, kisha kadinali Arnaud d'Aux, mzaliwa wa huko, akajenga kanisa kubwa lenye minara miwili mwanzoni mwa karne ya 14. Kanisa hilo limo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1998 kama sehemu ya njia za mahujaji waendao Santiago de Compostela. Minara utaiona mbali sana kabla hujafika.

Turudi kwenye baiskeli, maana hapa ndipo wengi huumia bure. Chukua mtu, baiskeli na mizigo yenye uzito wa jumla wa kilo 100. Kwenye tambarare, kwenda kilomita 20 kwa saa humtaka nguvu ya wati 100 hivi. Kwenye mteremko wa asilimia 6, kupanda kwa kilomita 8 tu kwa saa humtaka wati 130 kwa ajili ya uzito peke yake. Wala usidhani kushuka kutakulipa. Ukipanda kilomita 3 kwa mwendo huo, kisha ukashuka kilomita 3 kwa kilomita 40 kwa saa, utakuwa umetumia dakika 27, na wastani wako ni kilomita 13 kwa saa. Ukishuka, hewa na breki hula kile ulichokipata kwa taabu.

Dawa ni gia ndogo, ndogo kuliko unavyofikiri. Gurudumu la meno la mbele likiwa na meno 34 na la nyuma 34, kila mzunguko wa pedali husogeza baiskeli kama mita 2.1. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7.6 kwa saa, mwendo ambao mtu wa kawaida anauweza. Baiskeli ya gia moja tuliyoizoea Afrika Mashariki husogea zaidi ya mita 5 kwa mzunguko. Ndiyo maana mwenye mzigo kwenye keria hushuka na kusukuma.

Wengi wetu tunaijua Ufaransa ya baiskeli kupitia Tour de France, ambayo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliishinda mara nne. Lakini gia za kubadilisha hazikuletwa na mashindano hayo. Henri Desgrange, aliyeyaanzisha mwaka 1903, aliziona ni za watu waliopita miaka 45, na wakimbiaji hawakuruhusiwa kuzitumia mpaka 1937. Waliozipigania ni wasafiri, na aliyekuwa mbele yao ni Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyeanzisha jarida la Le Cycliste mwaka 1887 na kuzijaribu mwenyewe kwenye vilima vya nyumbani kwake. Historia imempa haki.

De Vivie alifundisha pia kula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu, na fiziolojia imemuunga mkono: akiba ya sukari iliyo katika misuli na ini ya mtu anayepanda vilima huisha kwa saa chache, na ikiisha miguu hugoma ghafla. Katika vijiji vya Gers maduka mengi hufungwa mchana, na mengine Jumatatu nzima, kwa hiyo nunua mkate na jibini asubuhi. Maji hupatikana kwenye bomba la makaburini, kwa kuwa karibu kila kijiji kina moja kwa ajili ya maua. Jaza chupa iwapo hakuna kibao kinachosema maji si ya kunywa.

Treni ya mkoa kutoka Toulouse hadi Auch hupakia baiskeli. Toka Auch ushuke na mto Gers kuelekea kaskazini kupitia Fleurance, ulale Lectoure, na kesho yake ugeuke magharibi: La Romieu, Condom, ngome ndogo ya Larressingle, kijiji cha duara cha Fourcès. Nenda mwezi Juni au Septemba, na kabla ya kuondoka mwambie fundi wako akufungie gurudumu la nyuma lenye meno mengi kuliko yote aliyo nayo.