Matembezi ya familia mlimani: Maandalizi huanza nyumbani

Juma hili tuzungumzie jambo ambalo familia nyingi hulifanya siku za mapumziko, hasa baada ya Idd: kuwapeleka watoto kutembea milimani. Ni jambo jema. Mwili hupata mazoezi, watoto huona alivyoumba Allah (s.w), na baba anayeshinda kazini hupata siku nzima na watu wake. Lakini matembezi bila maandalizi huweza kuishia hospitali.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea mtoto wa miaka tisa mwenye selimundu. Familia yake ilipanda mlima tangu asubuhi na chupa moja ya maji kwa watu sita. Mtoto alichoka, akapata kiu, kisha akapigwa na baridi. Jioni aliletwa akilia kwa maumivu ya mifupa, akalazwa siku nne. Wazazi wake hawakuwa wazembe. Hawakujua tu kwamba kiu, baridi na uchovu ndivyo vinavyoamsha maumivu ya ugonjwa huo.

Tuchukue mfano wa Morogoro. Mji uko kiasi cha mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Morningside, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, ni kiasi cha mita 1,300. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Hivyo unayetoka mjini ukitokwa jasho, utalikuta baridi huko juu na fulana yako imelowa. Kila mtu abebe sweta na nguo kavu ya kubadili.

Kwanza, chagua siku. Epuka masika, Machi hadi Mei, kwani njia huteleza na mito hujaa ghafla. Tokeni baada ya swala ya Alfajiri na kifungua kinywa. Kubalianeni kabla ya kuondoka saa ya kugeuka, kwa mfano saa 7 mchana, hata kama hamjafika juu. Wengi hupotea njia au kuumia kwa kuwa giza limewakuta wakiteremka. Mchukueni mwenyeji anayeijua njia, na mkitaka kuingia ndani ya msitu wa hifadhi, ulizieni kibali kwanza.

Pili, maji. Mtu mzima abebe lita mbili, mtoto lita moja, yawe yamechemshwa. Maji ya kijito hupendeza macho, lakini juu yake kuna mashamba, mifugo na watu. Kuhara na homa ya matumbo hupatikana humo. Bebeni pia pakiti mbili za chumvi za kuongeza maji mwilini (ORS). Pakiti moja huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake.

Tatu, chakula. Pilau iliyofungwa ya moto ndani ya hotipoti tangu usiku, ikaliwa mchana ikiwa vuguvugu, ni shamba la vijidudu. Chukueni chapati, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, ndizi na tende. Msisahau sabuni ya kunawia mikono.

Nne, viatu na mavazi. Kandambili ziacheni nyumbani. Vaeni raba zenye meno, zilizokwishavaliwa, si mpya. Kateni kucha za miguu siku moja kabla, maana wakati wa kuteremka vidole husukumwa mbele na kucha ndefu huumiza. Akina mama na mabinti, baibui lisifike chini likakanyagwa. Vaeni suruali pana ndani yake. Fimbo humsaidia sana mwenye magoti mabovu.

Tano, wagonjwa. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kwenye begi la mtu mwingine aliyetangulia. Anayechoma insulini asitoke bila kula. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho la baridi au kuongea ovyo, apewe soda au sukari mara moja. Akizimia asilishwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Bibi mwenye presha ameze dawa zake kama kawaida, na akihisi kifua kubana, safari iishie hapo. Mwenye selimundu anywe maji kila mara na avae nguo za joto, na wazazi wamuulize daktari wake kabla ya safari. Anayekwenda polepole zaidi ndiye atangulie, wengine wamfuate.

Sita, tahara na swala. Adhuhuri itawakuta njiani, hivyo bebeni mkeka na maji ya kutawadhia mbali na ya kunywa. Mtume (s.a.w) alikataza kujisaidia njiani, kivulini na kwenye vyanzo vya maji. Sisi wa tiba tunaona hekima yake kila siku, kwani maji hayo ya juu ndiyo yanayonywewa na watu wa chini. Chimbeni shimo mbali na kijito, fukieni, na nawieni sabuni. Taka zote zirudi nanyi mjini.

Mwisho, mwambieni jirani mnakokwenda na saa ya kurudi, na simu iwe imejaa chaji. Kumtegemea Allah (s.w) huenda pamoja na kumfunga ngamia. Nakutakieni matembezi ya salama.

Wabillahi tawfiq.