Keki, Mchumba na Daftari

Wakaaji wa Muthurwa wanavijua vile vyumba vya reli vya wakati wa ukoloni: chumba kimoja kwa jamaa nzima, na bomba la maji la pamoja. Katika chumba kama hicho jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu, alianza kuoka keki bila oveni.

Je, yawezekanaje? Chukua sufuria kubwa, tia mchanga mkavu unene wa vidole viwili, uiweke kwa jiko la makaa. Funika mpaka mchanga ushike moto. Weka ndani sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, yenye unga uliokorogwa. Ijaze nusu tu kwa sababu keki huumuka. Funika, kisha panga makaa machache juu ya kifuniko ili moto utoke juu na chini. Chomeka kijiti, kikitoka kikavu, keki imeiva. Lakini angalia! Okea nje. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na ndani ya chumba kilichofungwa inaua.

Mama huyu aliuza vipande 30 kwa siku, kila kimoja sh. 20, jumla sh. 600. Unga, sukari, mayai, mafuta na makaa vilikula sh. 420. Faida ikawa sh. 180. Yote aliyaandika kwa daftari kuukuu la mtoto.

Ndipo akaja mchumba. Kila jioni alisifu keki, na mwenye kuzioka pia. Si vibaya, mama wa watoto watatu naye ana moyo. Siku moja bwana akaomba sh. 1,500, "za siku mbili tu." Mama akafungua daftari, akaona ni faida ya zaidi ya siku 8. Akamwambia, "Bwana, nakupenda, lakini hii ni unga ya kesho."

Bwana hakuonekana wiki hiyo, wala iliyofuata. Mama alilia, tusidanganyane. Lakini keki hazikukosa. Baadaye alituambia, "Kumbe mimi naweza kukataa! Sikujua."

Hatusemi mapenzi ni mabaya. Twasema mapenzi na mtaji visikae mfuko mmoja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yamruhusu mke, sawa na mume, kuwa na mali yake mwenyewe. Wachumba pia wanaweza kuandikiana mapatano ya mali kabla ya kuoana. Tena kazi za nyumbani na kulea watoto huhesabiwa kuwa mchango. Nayo Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka kila ndoa iandikishwe, hata ya kimila. Kwa hivyo ile ya "njoo tukae" isikutoshe.

Akina mama, jadilianeni katika vikundi vyenu: akiomba pesa za unga, utamjibu nini? Na akina baba, je, mwapenda keki au mwokaji?