Kiwanja kisicho na mnara: Redio na macho ya rubani ndiyo ulinzi wa abiria

MFANYABIASHARA wa Kanazi, wilayani Bukoba, anayekodi ndege ndogo kupeleka wageni au mzigo Kisiwa cha Rubondo, hulipa fedha nyingi ili aokoe muda. Wengi hawajui kwamba kiwanja cha huko hakina mnara wa kuongozea ndege. Marubani hupishana kwa kuarifiana wenyewe redioni.

Utaratibu ni rahisi. Akiwa umbali wa maili 10 hivi, rubani hutaja jina la kiwanja, aina ya ndege yake, mahali alipo, kimo chake na anachokusudia kufanya. Hurudia anapoingia kwenye mzunguko wa kutua, anapoikabili njia ya kurukia na anapoiacha. Jina la kiwanja hutajwa mwanzo na mwisho, kwani viwanja kadhaa huweza kutumia masafa mamoja ya redio.

Hata hivyo, kosa dogo lina gharama. Mzunguko wa kawaida huwa futi 1,000 juu ya kiwanja. Ziwa Victoria liko karibu futi 3,720 juu ya usawa wa bahari, hivyo kipimo kinachohesabu kutoka baharini kitasoma zaidi ya 4,700. Rubani asiyefafanua anahesabu kutoka wapi humfanya mwenzake atafute ndege mahali isipokuwapo.

Redio nayo ina mipaka. Mawimbi yake huenda moja kwa moja, na kilima huweza kuyazuia. Marubani wawili wakizungumza kwa wakati mmoja, hakuna anayeeleweka. Aidha, kiboko akivuka njia ya kurukia hatoi taarifa. Ndiyo maana rubani makini huzunguka kwanza akikagua.

Machi 5, 2024, ndege iliyobeba watu 44 iligongana angani na ndege ndogo ya mafunzo jijini Nairobi, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Uwanja wa Wilson, wenye mnara. Watu wawili wa ndege ndogo walikufa; ile kubwa ilirejea salama. Ikiwa hayo hutokea penye mwongozaji, pasipo naye tahadhari iwe mara mbili.

Mteja naye ana wajibu. Asimharakishe rubani, anyamaze wakati wa kutua, na akiona ndege nyingine aseme mara moja. Rubani akizunguka tena kabla ya kutua, dakika hizo chache si hasara.