Mtumbwi wa Hawaii Huanzia Mlimani

Wengi wanaosifu ubaharia wa wenyeji wa Hawaii hukisifu chombo na kusahau kilikotoka. Mtumbwi wao haukuanzia ufukweni. Ulianzia Mauna Kea, mlima wa mita 4,207, ambako mafundi walipasua jiwe gumu la volkano ili kupata tezo. Machimbo yao ya Keanakākoʻi yako juu mno, kwenye baridi ya kugandisha maji. Vigae vya mawe vingali vimerundikana pale, na karibu yake yamesimama mawe ya kutambikia. Hoja yangu ni kwamba tambiko lile halikuwa pambo. Lilikuwa sehemu ya ufundi wenyewe.

Mtazame ndege ʻelepaio. Mti wa koa ukishaangushwa, fundi mkuu alimsubiri ndege huyu mdogo, aliyeaminiwa kuwa ni Lea, mungu wa kike wa wachonga mitumbwi. Akipita juu ya gogo bila kusita, gogo ni zima. Akisimama na kudonoa, hapo pana kasoro. ʻElepaio hula wadudu, na wadudu hupenda mti uliooza ndani. Anayeuita huo ushirikina mtupu aeleze basi ni kipimo gani kingine, kabla ya chuma, kingemwonyesha fundi uozo asiouona.

Kweli, si kila mwiko ulilinda msitu. Mwaka 1793 nahodha George Vancouver alileta ng'ombe, na mfalme Kamehameha akapiga marufuku kuwaua. Wakazaana, wakatawanyika mwituni, wakatafuna miche. Baadaye yakaja mashamba ya mifugo na misumeno. Hasara ilidhihirika miaka ya 1990, chama cha wasafiri wa baharini kilipotaka kuchonga mtumbwi pacha, Hawaiʻiloa, kwa miti ya asili: waliisaka misitu ya visiwa vyao wasipate koa mbili za kutosha. Magogo yakatoka Alaska, zawadi ya wenyeji wa huko. Lakini baharia Nainoa Thompson na wenzake hawakuona haki kukata mti wa watu wengine wakati wao wameuacha wa kwao uteketee, wakaanza kwanza kupanda maelfu ya miche ya koa.

Wapo watakaosema mtumbwi hauhitaji msitu, kwani mtumbwi Hōkūleʻa, uliofika Tahiti mwaka 1976 bila dira, uliundwa kwa plaiwudi na faibaglasi. Ni kweli, na safari ile ilirudisha elimu ya kusoma nyota na mawimbi. Elimu ya kuchagua mti, kuuomba na kuuangusha haikurudishwa na faibaglasi.

Pingamizi zito zaidi ni la darubini kubwa iliyokusudiwa kujengwa Mauna Kea: kama mababu wenyewe walichimba mlima, kwa nini wajukuu wafunge barabara ya mlimani kuizuia, kama walivyofanya mwaka 2019? Na si Wahawaii wote wanaoipinga. Hata hivyo wachimbaji wa kale walichukua jiwe kwa kazi ya jamii yao, chini ya miiko waliyoikubali wenyewe. Mahakama Kuu ya Hawaii iliidhinisha kibali cha darubini mwaka 2018, na kibali hicho kilikuwa halali kisheria. Lakini uhalali wa kisheria si ridhaa ya wenye mlima, na ridhaa hiyo ndiyo wazee waliokamatwa pale barabarani walikuwa wakiidai.