Kipupwe cha Mweru: Somo la Kwanza ni Upepo

Kuanzia Mei hadi Agosti, mvua zikishakatika kaskazini mwa Zambia, ufukwe wa Nchelenge na Kashikishi hupata hali ya hewa bora kuliko miezi mingine yote: asubuhi ya ubaridi, jua lisilounguza, anga safi. Ndicho pia kipindi ambacho upepo wa kusini-mashariki, ule ule ambao watu wa pwani ya Bahari ya Hindi wanauita kusi, huvuma kwa nguvu juu ya Ziwa Mweru. Wengi huuona msimu huu kuwa wa kukaa mbali na maji. Mimi naamini ni msimu mwafaka wa kujifunza kuteleza juu ya mawimbi, kwa sharti moja: anayejifunza ausome upepo kabla hajagusa ubao.

Wapo watakaosema mchezo huo ni wa bahari, ziwa halina mawimbi yake. Ushahidi unakataa. Huko Sheboygan, mji wa Marekani kwenye Ziwa Michigan, watu wameteleza juu ya mawimbi kwa miongo mingi, na msimu wao mkuu huanza majani yanapopukutika na baridi kuingia, kwa kuwa ndipo upepo unapopata nguvu. Wimbi la ziwani huzaliwa na mambo matatu: kasi ya upepo, muda unaovuma, na umbali unaopita juu ya maji bila kizuizi. Michigan ina urefu wa karibu kilomita 490. Mweru haifiki hata 140, na sehemu yake ya kusini, Mto Luapula unakoingilia, ina kina kifupi. Kwa hiyo mawimbi ya Mweru ni mafupi na hufuatana upesi, kwa sekunde chache tu, ilhali yale ya bahari kuu yaliyotoka mbali hupishana kwa sekunde 10 au zaidi. Hayampi mtu nafasi ya kusimama na kuteleza mbali. Lakini kusimama si lazima. Mwaka 1922 mwandishi Agatha Christie alijifunza mchezo huu Muizenberg, karibu na Cape Town, kwa kulalia ubao mwembamba kifudifudi. Kwa njia hiyo, anayesimama kwenye maji ya kiunoni, akajisukuma mbele wimbi linapoanza kuvunjika mgongoni mwake, anatosheka na wimbi dogo.

Hatari halisi iko mahali ambapo jicho haliitafuti. Nchelenge iko upande wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo upepo wa kusini-mashariki unatoka nchi kavu kuelekea majini. Ukisimama ufukweni utaona maji ya karibu yamelala, na mbali kabisa mistari myeupe ya povu. Utulivu huo unadanganya. Upepo haujapata umbali wa kuinua wimbi pale ulipo, lakini tayari unasukuma chochote kinachoelea kuelekea katikati ya ziwa, upande wa Kongo. Aliye juu ya ubao husogea bila kuhisi, na kurudi ni kupiga makasia ya mikono dhidi ya upepo. Saa nzuri ni zile upepo mkuu umetulia na nchi kavu imepata joto la mchana, hewa ikaanza kuvutwa kutoka ziwani. Hapo mawimbi madogo huja ufukweni, na aliyeanguka hurudishwa nchi kavu. Kipimo hakihitaji chombo: tazama moshi wa jikoni au wa kukaushia samaki unalala upande gani. Moshi ukielekea majini, kaa ufukweni ufurahie jua.

Pingamizi la mamba, viboko na kichocho ni zito, na halijibiwi kwa ujasiri. Mabwawa ya matete, midomo ya mito na maji yaliyotuama ni makazi ya wanyama hao na ya konokono wanaobeba kichocho. Huko pasichezewe kabisa. Mchanga ulio wazi, unaopigwa na mawimbi, usio na majani, ni nafuu, ingawa nafuu si usalama kamili. Wavuvi wa mahali hapo ndio wa kuulizwa kwanza, na aliyeingia majini apimwe kichocho baadaye, kwa kuwa dawa yake ipo. Baridi nayo ina dawa rahisi: upepo juu ya mwili uliolowa huondoa joto haraka, basi kaa majini muda mfupi, kisha ujikaushe na kuvaa nguo kavu papo hapo.

Wengine watasema ziwa ni la kazi, mchezo ni wa wenye nafasi. Lakini watoto wa Nchelenge wako majini kila siku, na wengi wao kesho watakuwa kwenye mitumbwi wakitafuta samaki wadogo waitwao chisense. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na watoto wadogo ndio walioathirika zaidi. Mchezo unaomfundisha mtoto kuogelea, kuvumilia wimbi na kutambua upepo unaomsukuma mbali ni sehemu ya malezi ya ufukweni. Shule na wazazi wa Nchelenge wautumie msimu huu: mtoto afundishwe kuogelea kwanza, mtu mzima anayejua maji awe karibu, na siku upepo unapotoka nchi kavu pasiwe na ubao majini.