Je, Wajua? Abiria Waliobaki Kituoni

Je, wajua kwamba kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu halikuongezei nguvu? Nguvu pekee iliyomo ni ya sukari, na hiyo hata soda ya dukani kwa Mangi unaipata. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina gramu 27 za sukari, karibu vijiko saba vya chai, pamoja na miligramu 80 za kafeini. Hizo 80 ndizo zinazokufanya uone umepona uchovu, na zinafanya hivyo kwa ujanja.

Tangu unapoamka, ubongo hulimbikiza kemikali iitwayo adenosini. Kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyozidi, na ikishapata pa kukaa kwenye vipokezi vyake, kope zinaanza kuwa nzito. Sasa kafeini imefanana nayo umbo. Chukulia daladala ya Mbagala jioni: kafeini inawahi siti, nyingine inapitia dirishani, halafu inakaa tu, hailipi hata nauli. Adenosini haijaenda popote. Iko kituoni, na kila dakika abiria wanaongezeka. Kafeini ikianza kushuka, umati wote ule unapanda kwa mkupuo. Ndiyo maana kijana aliyekuwa anawachekesha wenzake saa sita usiku unamkuta saa kumi alfajiri amelalia daftari, mate yamelowesha ukurasa.

Na kafeini haishuki haraka. Kwa mtu mzima mwenye afya, huchukua saa tano hivi mwili kuondoa nusu yake. Ukinywa makopo mawili saa kumi jioni, saa tatu usiku bado umebakiwa na kafeini ya kopo zima, wakati umeshafunga mlango na kushusha chandarua.

Ila saa tano si za kila mtu. Moshi wa sigara hukichangamsha kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini, hivyo mvutaji huimaliza upesi zaidi. Akiacha sigara, kikombe kilekile kinamkalia muda mrefu. Mikono inamtetemeka, naye anadhani ni hamu ya sigara. Kwa mama mjamzito aliyekaribia kujifungua nusu ile inaweza kuchukua hata saa 15, na wajawazito huambiwa wasivuke miligramu 200 kwa siku, wakati mtu mzima mwingine huruhusiwa hadi 400. Kuna na hili, ambalo wengi hawaambiwi dirishani wanapochukua dawa: siproflokasini, dawa inayoandikwa sana kwa maambukizi ya bakteria, hukizuia kimeng'enya hichohicho. Mgonjwa anameza kidonge, anajiburudisha kwa kopo lake la kila siku, usiku moyo unamwenda mbio na lawama zote anaitupia dawa.

Je, wajua kwamba kuropoka ni mojawapo ya dalili za kuzidiwa na kafeini? Ipo kwenye orodha ya madaktari, pamoja na moyo kudunda ovyo, tumbo kuvurugika, wasiwasi, uso kuiva, kukosa utulivu na safari za chooni zisizoisha. Ningeijua mapema ingenisaidia. Mwaka wangu wa pili chuoni nilikesha na makopo matatu nikijiandaa kwa mtihani wa asubuhi. Mkono uliandika herufi za mtu aliyepanda lori kwenye barabara ya makorongo. Swali la kwanza nililijibu kurasa nne, kwa raha zangu, nikiona mawazo yanamiminika tu. Swali lilitaka sababu mbili. Nilikumbuka kulisoma vizuri wakati msimamizi anakusanya karatasi.

Kafeini tupu ya unga ni balaa la aina yake. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo ni sawa na vikombe 28 hivi vya kahawa, na watu wamekufa kwa kukosea kipimo. Kwa hili sina utani.

Kuchanganya kopo na pombe nako watu hukusifia, eti mtu halewi. Analewa vilevile. Kinachopungua ni kule kujiona amelewa, kwa hiyo anaagiza nyingine na kuomba funguo za gari. Mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliyaonya makampuni manne yaliyokuwa yakiuza pombe iliyotiwa kafeini kiwandani.

Vinywaji hivi havikuanza na wanafunzi. Kule Thailand, Chaleo Yoovidhya alitengeneza Krating Daeng, na wateja wake wakubwa walikuwa madereva wa malori na vibarua. Dietrich Mateschitz, Mwaustria, akaipenda, wakashirikiana, na mwaka 1987 Red Bull ikaingia sokoni Austria. Ile taurini inayotajwa kwenye kopo imepata jina kutokana na ng'ombe dume kwa Kilatini, kwa kuwa mwaka 1827 wanasayansi wa Kijerumani waliipata kwenye nyongo ya ng'ombe. Siku hizi inatengenezwa kiwandani, kwa hiyo zile hadithi za kijiweni kuhusu viungo vya siri vya fahali ni maneno matupu. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia vinywaji hivi walio chini ya miaka 18 mwaka 2014. Poland ikafuata mwaka 2024. Huku kwetu mtoto wa darasa la tano anatumwa sukari na anarudi na chupa yake mkononi.

Je, wajua kwamba kuiacha kafeini ghafla nako kuna ghadhabu yake? Kafeini huibana mishipa ya damu ya ubongo. Ikiondoka, mishipa inatanuka, na kichwa kinagonga. Maumivu huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, huwa makali siku ya kwanza na ya pili, na huweza kuburuza hadi siku ya tisa. Hata Panadol Extra ina miligramu 65 za kafeini katika kila kidonge, hivyo kuna wanaomeza dawa ya kichwa wakitibiwa na kilekile walichokikosa.

Watu wa pwani wanaijua hali hii bila kuambiwa na daktari. Mjomba wangu ni mtu wa kahawa chungu, vikombe sita au saba kwa siku pale barazani, kashata pembeni, anamjua muuzaji kwa mlio wa vikombe vyake kabla hajakata kona. Mwezi mosi wa Ramadhani, baada ya alasiri, nilimkuta amejifunga kanga ya mkewe kichwani, macho kayafumba.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mengine baada ya adhana.”

Nilimwambia nimesoma kwamba dawa ni kupunguza kikombe kimojakimoja kuanzia Shaabani, mwezi usimkute ghafla. Alifumbua jicho moja, akanitazama, akalifumba. Adhana ilipolia alianza na tende, akaruka uji na mihogo, akanyoosha mkono kwenye dele. Kufika tarawehe kanga ilikuwa imerudi kwenye kamba, naye ndiye aliyekuwa akisimulia.